Idara Haikui kwa Kuhesabiwa Vichwa

Kila mwaka ripoti za vyuo vikuu vyetu hutuletea habari ileile kwa maneno yaleyale. Idara ya botania, ambayo zamani wanafunzi wake wote wangeenea katika daladala moja, leo ina mamia. Shahada moja imezaa tatu. Mikrobiolojia imepewa jina jipya lenye neno “teknolojia” ndani yake, kwa kuwa jina hilo linauzika. Jengo la ghorofa linasubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Haya yote huitwa ukuaji, na watumishi wa wizara huyanakili katika majedwali yao bila kuuliza swali hata moja. Mimi nakataa kuyaita hivyo. Katika vyuo vingi idara hizi zimevimba, na kuvimba ni jambo ambalo daktari yeyote angelitilia shaka.

Tukumbuke kwanza idara hizi zilikuja kufanya nini. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea huko Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, sampuli bora zilipelekwa Berlin. Nyingi kati ya hizo, pamoja na zile ambazo kwazo spishi zilipewa majina, ziliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943. Hivyo sehemu ya kumbukumbu ya misitu yetu iliungua katika vita visivyotuhusu. Mwaka 1950 hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kuandikwa jina, ilihamishwa kutoka Amani kwenda Nairobi. Orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, yenye zaidi ya spishi 12,000, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiongozwa kutoka Kew, London. Ni kazi tukufu, wala sina ugomvi na walioifanya. Lakini vyuo vya taifa huru vilipofungua idara za botania, maana yake ilikuwa kwamba siku moja tutayajua majani yetu bila kuomba viza.

Na idara hizo ziliwahi kutimiza ahadi hiyo. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani yetu, mmea ambao wengi waliuona kama takataka za baharini, akahimiza ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na leo mwani ni miongoni mwa mazao makuu ambayo Zanzibar huuza nje. Wakulima wake wengi ni wanawake, na zipo nyumba za mawe katika vijiji vya mashariki ya Unguja ambazo zimejengwa kwa kamba na vigingi vya mwani. Sijui ni jedwali gani la “matokeo tarajiwa” ambalo lingempa fedha mtaalamu anayeokota majani ufukweni.

Sasa tazameni kilichofuata. Kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi tangu miaka ya 2000. Maji yakipata joto kupita kiasi mmea hudhoofika, bakteria huushambulia, matawi yakageuka meupe na kukatika. Wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosamu, ambayo bei yake ni duni. Je, huo ni ugonjwa wa botania au wa mikrobiolojia? Mama aliyesimama majini hadi kiunoni hana haja na mpaka huo. Sisi ndio tuliouchora, tukaweka mkuu wa idara kila upande, kisha tukaanza kugombania darubini.

Muhogo unasema vivyo hivyo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi Amani. Ni virusi vinavyoenezwa na nzi weupe, na hila yake ni kwamba shina na majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi ikioza ardhini. Anayejua majani tu atadanganyika. Anayejua virusi tu hatatambua ni mmea gani wa porini unaovihifadhi. Tuna pia sumukuvu, zao la kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kuvu hao walikuwa wamekwishajulikana kwa miongo mingi. Kilichokosekana ni watu wa kutosha, waliofunzwa kwa mikono yao, karibu na ghala la mkulima.

Kwa mikono, nasisitiza. Hapo ndipo takwimu za udahili zinapotudanganya vibaya. Mwanafunzi wa mikrobiolojia hujifunza kwa kupanda bakteria kwenye sahani, kukosea, kuchafua sahani, kuitupa na kuanza upya. Darasa likiongezeka mara 4 na sahani zikabaki zilezile, mmoja atapanda na wengine watatazama bega lake. Mwaka unaofuata hata huyo mmoja hatapanda, ataonyeshwa picha ukutani. Kisha tunamtunukia shahada, na hospitali inashangaa kwa nini anaogopa kichomeo.

Hebariamu nayo haitunzwi na jengo. Hutunzwa na mtu anayejua kwamba wadudu wakiingia katika kabati moja watamaliza jingine, na anayeweza kushika tawi lisilo na ua akakwambia ukoo wake. Mtu huyo kwa kawaida ni fundi sanifu mwenye cheti, si profesa, na ujuzi wake ni wa miaka 30 ya kutembea misituni. Anapostaafu, kibali cha kumwajiri mrithi hakiji, au huja miaka 3 baadaye wakati hakuna tena wa kumfundisha. Makusanyo ya bakteria na kuvu yako hatarini zaidi: yanahitaji jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na jokofu linahitaji jenereta, na jenereta inahitaji dizeli, na dizeli inahitaji saini. Usiku mmoja wa umeme kukatika unaweza kufuta kazi ya miaka kumi. Hakuna ripoti ya mwaka itakayoutaja usiku huo.

Nitajibiwa kwamba karo za wanafunzi wengi ndizo zinazolisha idara. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama karo hizo zingerudi maabarani. Wengine watasema teknolojia ya vinasaba imeizika hebariamu. Wanasahau kwamba mfuatano wa vinasaba hauna jina mpaka ulinganishwe na sampuli iliyotambuliwa na mtu. Watanikumbusha pia mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu Tanzania. Naukumbuka, na najua ndani yake mna fedha za kusomesha wahadhiri na kununua vifaa. Lakini mkopo una mwisho, na kifaa kisicho na fundi wala kemikali huishia kuwa meza ya kuwekea thermos ya chai.

Kwa hiyo nawaomba mlio katika kamati za bajeti mbadilishe maswali. Ombi la kuongeza udahili likiletwa, ulizeni ni saa ngapi kila mwanafunzi atashika darubini peke yake kwa muhula. Likiletwa jina jipya la idara, ulizeni ni sampuli ngapi zilizotambuliwa mwaka jana na nani alizitambua. Wanafunzi, ulizeni haya katika mikutano ya serikali zenu, maana ada ni yenu. Na kabla ya kupitisha gharama za sherehe ya kukata utepe, itisheni orodha ya mafundi sanifu watakaostaafu ndani ya miaka 5, mwone ni wangapi wana mtu anayejifunza kando yao.