Ukurasa wa Mama: Gauni Jeupe la Binti



Kila mwaka Komunyo ya Kwanza inapokaribia, barua za namna moja hutufikia. Ya mwaka huu imetoka upande wa Komanda. Mama aliyeiandika atuuliza kwa adabu kama ni vibaya kumchelewesha binti yake mpaka mwaka ujao. Mtoto amemaliza mafundisho, sala zake azijua, katekista amemkubali. Ila gauni hana. Gauni la satini alilolitazama mjini, lenye maua na shela ya kichwani, lauzwa kwa fedha ambazo nyumba yao hula kwa mwezi mzima.

Twamjibu mbele ya wasomaji wote, maana si yeye peke yake mwenye shida hii. Kanisa halidai satini. Tarehe 8 mwezi wa nane, mwaka 1910, Baba Mtakatifu Pius X alitoa agizo liitwalo Quam singulari, akafundisha kwamba mtoto aweza kukomunika afikapo umri wa akili, yaani kama miaka saba. Alitaka mtoto ajue mafumbo makuu ya imani kadiri ya uwezo wake, na apambanue kati ya Mkate ule na mkate wa kila siku. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 nayo yadai ujuzi wa kutosha na matayarisho mema, nguo haikutajwa. Mzazi amzuiaye mtoto aliye tayari, kwa kukosa satini tu, amnyima chakula cha roho kwa kuogopa macho ya majirani. Na tuseme kweli: macho hayo ndiyo mzizi wa shida yote.

Hata hivyo hatumdharau mama yule, wala hatusemi kwamba mtoto avae hovyo. Weupe una maana yake: ni kumbukumbu ya vazi la Ubatizo. Tena msichana wa miaka minane aijua aibu kama mtu mzima aijuavyo. Tulimwona mmoja, katika parokia ambayo hatutaitaja, aliyefika siku ile na gauni lake la rangi, lililofuliwa vizuri sana. Wenzake walipojipanga, yeye alisimama nyuma ya nguzo. Safu yake ilipoitwa hakutoka. Hakuna aliyemkemea wala aliyemfukuza. Alirudi nyumbani pasipo kukomunika, na mama yake hakujua mpaka jioni. Basi gauni si kitu kidogo machoni pa mtoto. Shauri letu ni kwamba lishonwe nyumbani.

Katika Maandiko Matakatifu yuko mama mshonaji tunayempenda kuliko wote, naye ni Hana, mama yake Samweli. Mtoto alikaa hekaluni pamoja na kuhani Eli, na kila mwaka mama alipokwenda kutoa sadaka pamoja na mumewe alimpelekea kanzu ndogo aliyomfanyia mwenyewe. Fikirini jambo hili: mwaka mzima hamwoni, na bado lazima akisie mtoto amekua kiasi gani. Kila mama aliyeshika mkasi ajua hesabu hiyo ya Hana.

Wala kazi hii haikuletwa kwetu na wageni peke yao. Katika msitu wa Ituri, kabla amerikani na kaniki hazijajulikana, Wambuti walifanya nguo kwa magome ya miti, hasa ya jamii ya mkuyu. Wanaume waliyapondaponda magome kwa nyundo, nyingine za pembe ya ndovu, mpaka yakawa laini. Wanawake wakayapamba kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa, wakichora kwa vidole au kwa vijiti: mistari, nyota, nyavu, na mahali pengine pasipo na kitu, ili jicho lipumzike. Binti alijifunza kwa kukaa karibu na mama yake. Vitambaa hivyo leo vimetundikwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu hulipa kiingilio wavitazame. Sisi tuliozaliwa jirani na msitu huo twadhani kwamba uzuri hutoka dukani!

Masista wa misioni walipofungua shule za wasichana, sindano ilipewa nafasi kubwa. Tuseme wazi, ilipewa nafasi kubwa mno. Wakati ndugu zao walipokuwa wakifundishwa Kifaransa na hesabu, mabinti wengi walipinda vitambaa vya meza. Ndiyo maana miaka mingi ilipita kabla msichana wa Kongo hajapata digrii ya chuo kikuu. Sophie Kanza aliipata Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Kwa hiyo, enyi akina mama, tusomapo sifa za kushona tusirudi kule. Binti amalize kwanza kazi aliyopewa na mwalimu wake, ndipo ashike sindano. Akiitwa kushona saa ya masomo, gauni hilo limegharimu kuliko lile la dukani.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Nunueni pamba nyeupe isiyo nyepesi mno, mita moja na robo tatu, yenye upana wa kama sentimita 115. Kwa mtoto wa miaka minane hutosha. Asiye na uwezo wa kununua kipya atafute shuka nyeupe katika mitumba iletwayo kutoka Uganda. Shuka iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ni laini, haipungui tena, na hakuna mtu Misani atakayejua kwamba iliwahi kutandikwa kitandani. Pamba mpya iloweshwe usiku kucha, ianikwe, ipigwe pasi, ndipo ikatwe. Anayeruka hatua hii atalia siku ya kufua, maana pamba hurudi.

Mpimeni mtoto akiwa amevaa nguo nyepesi. Zungusheni utepe kifuani, halafu kiunoni. Pimeni bega, urefu kutoka bega hadi nyonga, na kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Kwenye kipimo cha kifua ongezeni sentimita 10, ili mtoto aweze kupumua na kukua. Mwambieni ainue mikono juu kabisa kabla hamjapima kwapa. Twasisitiza neno hili kwa sababu katika Misa yetu, kwa utaratibu ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wasichana hucheza kuizunguka altare, na gauni linalobana kwapani hupasuka wakati wa Utukufu. Kuhusu mikono: Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi, shoneni mikono ifikayo kwenye viwiko. Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, ni chini yake kwa mita mia sita hivi, na joto lake mwalijua. Huko mikono mifupi yatosha.

Chora vipande kwanza juu ya karatasi. Gazeti la zamani lafaa, au karatasi ya mfuko wa simenti iliyokung'utwa vizuri. Na hapa ndipo penye siri ya gauni letu, ambayo twaomba mwisome mara mbili. Sehemu ya juu msiikomeze kiunoni. Ikateni ndefu mpaka nyongani, kama blauzi kamili, yenye ukosi mdogo na vifungo mbele. Kisha sketi, ambayo ni upana mzima wa kitambaa uliovutwa kwa marinda, ishonwe juu ya blauzi hiyo pale kiunoni, kwa mshono mmoja tu. Ile sehemu ya blauzi inayobaki chini ya kiuno itafichwa ndani ya sketi. Mtu akitazama aona gauni moja. Ninyi mwajua kwamba ni nguo mbili.

Mishono ya ubavuni iachieni sentimita 3 kila upande, ili mwakani ifumuliwe na kupanuliwa. Pindo la chini liwe la sentimita 12. Majirani watasema pindo hilo ni zito; waacheni waseme, wao hawatanunua kitambaa cha mwaka ujao.

Kabla ya kushona, shikizeni vipande kwa bandi, na bandi hiyo ipigwe kwa uzi wa rangi ili ionekane wakati wa kuitoa. Mvisheni mtoto. Mgeuzeni polepole. Kasoro zote hujitokeza saa hii, na zote hurekebishwa kwa urahisi, kwa sababu bandi hufumuka kwa kuvuta tu. Ndipo mshone kwa uzi mweupe. Asiye na mashine asikate tamaa: mshono wa mkono, ule ambao sindano hurudi nyuma kidogo kila inapotokeza, ni imara sana, na gauni la mtoto humalizika kwa jioni nne au tano. Mwenye mashine, au mwenye shemeji mwenye mashine, atamaliza kwa siku moja.

Wengine watauliza kwa nini tusimpelekee fundi. Mafundi wetu, wale wanaokaa na mashine barazani karibu na soko, twawaheshimu. Wengi wao ni baba wa familia, na kazi yao ni ngumu. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipopata hati ya mashine yake mwaka 1830, mafundi wa Paris waliivamia karakana yake mwaka uliofuata wakavunja mashine zote, kwa kuogopa kukosa kazi. Wangewaona wajukuu wa ufundi wao hapa Bunia, kila mmoja na mashine yake mbele yake, wangeshangaa. Basi mwenye fedha ya fundi ampe fundi, naye atashona kama tulivyoeleza. Lakini siku zile za Komunyo mafundi huelemewa, na gauni lililoahidiwa Ijumaa laweza kupatikana Jumatatu. Kwa sababu hiyo, hata mwenye fedha aanze mapema, wiki sita kabla.

Nanyi mabinti, msikae mkitazama tu. Msichana wa miaka minane aweza kutunga uzi katika sindano ya bibi yake ambaye macho yamechoka, aweza kuvuta marinda ya sketi yakalingana, na kushona vifungo. Mkasi aachiwe mama, kwa kuwa kosa la sindano hufumuliwa, la mkasi halifumuliki. Kaka zenu nao wakae hapo wajifunze. Hao mafundi wa barazani ni wanaume, na hakuna aliyewacheka.

Neno moja kuhusu mapambo. Ua dogo la kutarizi ukosini lapendeza, pia msalaba wa uzi mweupe. Msipende kuchanganya kitenge cha sikukuu kwenye gauni hili, hasa kile chenye picha ya Mama Maria au ya Mwenye Heri Anuarite, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Kinshasa tarehe 15 mwezi wa nane, 1985. Kitambaa chenye uso wa mtu kina shida yake. Tumekwisha kuona, Dominika moja, uso wa Mwenye Heri ukikaliwa kwenye benchi tangu Misa ilipoanza hadi baraka ya mwisho. Mkikata kitenge cha namna hiyo kwa ajili ya nguo nyingine, tandazeni kwanza mjue uso utaangukia wapi.

Kwa wale wasioweza kupata hata shuka, tunalo shauri kwa mashirika ya mitaa na kwa maparoko. Katika miaka ya 1950 na 1960 parokia nyingi za Ufaransa zilianza kuwavika watoto wote wa Komunyo alba nyeupe za namna moja, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wasitambulikane altareni. Jambo hilo laweza kufanywa hapa. Akina mama kumi wa shirika wakikutana jioni tatu kila wiki watajaza sanduku la alba kabla ya Pasaka, na sanduku hilo likae sakristia, litumike mwaka hata mwaka. Tangu vita ya mwaka 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, Bunia imepokea familia nyingi zilizokimbia zikiwa na nguo za mwilini tu. Watoto wao wako katika mafundisho pamoja na wetu. Mama aliyeacha kila kitu kijijini asiombwe gauni jeupe kama mtu anayeombwa kodi.

Na baada ya siku kuu? Gauni la satini hulala sandukuni mpaka panya walikute, maana mtoto amekwisha kulipita. La kwenu halitalala. Mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa, chukueni wembe au ncha ya mkasi, mfumue ule mshono mmoja wa kiunoni, pole pole, msikate kitambaa. Sketi itatoka. Kinachobaki ni blauzi nyeupe kamili, yenye ukosi na vifungo mbele, ambayo binti ataivaa shuleni juu ya sketi yake ya buluu, na kwa sababu mliacha sentimita 3 ubavuni ataivaa mwaka wa pili pia. Ile sketi nyeupe nayo msiitupe. Pindo lake la sentimita 12 likifumuliwa, kitambaa kinatosha kumshonea mdogo wake nguo ya Ubatizo, na kipande kidogo hubaki cha kufungia mkate.