Rimu kubwa, springi zilezile: tuishie wapi?

Dada mmoja wa Milton Keynes ameniandikia juu ya mwanawe wa miaka 21. Kijana amedunduliza mshahara wake, na sasa anataka kuivalisha Golf ya mama yake rimu za inchi 19 badala ya zile za inchi 16 zilizokuja na gari. Springi na shokapu anaziacha za kiwandani. "Ananiambia, mama, ni urembo tu, haidhuru kitu. Lakini gari hilo ndilo linalonipeleka kazini usiku na kuwapeleka wadogo zake madrasa. Nimkatalie?"

Dada yangu, usimkatalie, wala usiikubali hiyo inchi 19. Kaeni mezani na kalamu, msome kwanza namba zilizo ubavuni mwa tairi mlilonalo: 205/55 R16.

Hiyo 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani milimita 113 hivi. 16 ni inchi za rimu. Ukijumlisha vyote, gurudumu zima lina kimo cha milimita 632, na hicho ndicho kimo cha kulindwa. Rimu ikikua, ubavu lazima upungue. Tairi la 225/45 R17 linatoa 634. La 225/40 R18 linatoa 637. La 235/35 R19, analolitaka kijana, linafika 647, na ubavu wake ni milimita 82 tu.

Gurudumu likizidi kimo, mshale wa mwendo unasoma pungufu kuliko ulivyokuwa ukisoma. Hapa ni kama asilimia 2.4. Si nyingi, lakini kamera ya barabarani haisikilizi maelezo.

Kubwa zaidi ni huo ubavu. Watu hudhani kazi ya kupokea mashimo ni ya springi na shokapu peke yake. Tairi ndilo linalopokea kwanza. Waliounda gari walipima springi zao wakihesabu mto wa mpira wenye kimo kile. Ukiukata kwa zaidi ya robo, pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye rimu, bushi na beringi. Na barabara za Uingereza baada ya baridi ya Januari mnazijua. Gereji nimeshaona rimu nyingi za inchi 19 zilizopinda ukingo, na tairi lililotoka uvimbe ubavuni. Tairi la namna hiyo halitengenezeki, ni la kutupa.

Kisha kuna nafasi. Nyuma ya rimu husomeka namba kama 6.5J na ET46. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni ofseti, yaani umbali kati ya katikati ya rimu na pale inapokaa kwenye habu. Ukitoka hapo ukaenda 8J yenye ET35, gurudumu linatoka nje kwa milimita 30 na kuingia ndani kwa 8. Kijana atalijaribu uwanjani akiwa peke yake, na hatasikia kitu. Siku mtakapopanda watano, na gunia la mchele liko kwenye buti, springi zitabonyea na tairi litaanza kula madigadi. Springi za kiwandani ni laini, husafiri sana juu na chini, kwa hiyo usidanganyike na uwazi unaouona gari likiwa tupu. Kwenye ukaguzi wa MOT, tairi linalosugua bodi halipiti.

Angalieni pia namba ya uzito. Tairi la 91 hubeba kilo 615, la 88 hubeba 560. Msishuke chini ya ile iliyokuja na gari.

Na bima. Kubadili rimu ni kubadili gari, na kampuni iambiwe kabla rimu hazijafungwa. Isipoambiwa, siku ya ajali inaweza kupunguza malipo au kukataa. Bima imeandikwa kwa jina lako, dada. Atakayeulizwa ni wewe.

Ninyi mnaonunua rimu za kutia kwenye kontena kwa ajili ya ndugu wa Tanga au Mombasa, muulizeni kwanza gari lake ni lipi. Rimu za Golf hiyo zina matundu matano kwenye duara la milimita 112. Toyota nyingi ni 100 au 114.3. Kwa macho zinafanana, ila kwenye gari haziingii.

Basi, ushauri wangu ni inchi 17, tairi 225/45, na ofseti iliyo karibu na ya kiwandani. Hakikisheni kwenye kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango au ndani ya kifuniko cha tangi: ukubwa ulioandikwa pale, pamoja na upepo wake, ndio uliopimwa kwa springi hizo. Kijana anataka siku ya harusi akifika ukumbini gari lionekane. Hilo ni halali yake, na inchi 17 nzuri zitaonekana. Alipe rimu, alipe na nyongeza ya bima kama ipo. Zile za zamani zihifadhiwe. Mkizivalisha tairi za baridi zitawafaa.

Zikishafungwa, pandeni nyote, mkate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mpite kwenye tuta polepole, kisha mmulike ndani ya madigadi kutafuta alama za msuguano. Na baada ya maili 50, boliti zikazwe tena kwa spana ya kupimia.

Mpe salamu kijana. Amefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua.