Diwani Si Mgawa Khanga

Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia katika Jiji la Dar es Salaam, huzuka wafadhili wa ghafla. Mtu ambaye kwa miaka minne na nusu hakuonekana hata katika mkutano mmoja wa mtaa wake, aliyekuwa akipita kando ya mtaro uliofurika huku vioo vya gari lake vimefungwa, mara huwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Hutoa jezi kwa vijana, sufuria kwa akina mama na rambirambi kwa wafiwa. Wapambe wake humwita Mheshimiwa hata kabla ya fomu kutolewa. Kisha wananchi huambiwa kwamba huyo ndiye chaguo lao.

Huo si ukarimu. Ni biashara, na bidhaa inayouzwa ni kata.

Yafaa ikumbukwe kwamba diwani hakuwekwa ili awe mtoaji sadaka. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, ndilo linalotunga sheria ndogo, ndilo linalomchagua meya kutoka miongoni mwa madiwani wenyewe, na ndilo lenye wajibu wa kumsimamia mkurugenzi na wataalamu wake. Mama lishe anapoondolewa kando ya barabara na masufuria yake kumwagwa, hutajiwa sheria ndogo za halmashauri. Ushuru wa soko, gari la taka, zahanati ya kata na mtaro usiozibuliwa, yote hayo hupita mezani kwa diwani. Mwananchi anaweza kuishi mwaka mzima bila kuguswa na hotuba ya Bunge, lakini hawezi kuishi wiki moja bila kuguswa na uamuzi wa baraza hili.

Tena si suala la taka na ushuru tu, bali ni suala la uhai. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Nani alikosa na adhabu yake ni ipi, hilo ni la vyombo vya sheria. Lakini mpiga kura analo swali lake mwenyewe. Vibali vya ujenzi hutolewa na halmashauri. Je, ni nani atakayesimama katika baraza na kudai kuelezwa jengo limeruhusiwa ghorofa ngapi, limejengwa ghorofa ngapi, na limekaguliwa na nani? Je, atathubutu kuuliza hivyo mtu ambaye khanga zake zilinunuliwa na mwenye jengo?

Hapo ndipo hesabu ya mgombea mgawaji inapostahili kupigwa hadharani. Posho ya diwani haimtajirishi mtu. Kwa nini basi mtu amwage mamilioni ili apate kazi yenye kipato kidogo namna hiyo? Mfanyabiashara hafanyi biashara ya hasara. Fedha aliyoimwaga ataitafuta katika zabuni, katika viwanja, katika vibanda vya soko vitakavyogawiwa kwa majina ya jamaa zake. Ataitafuta hata katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2018 imewekwa kisheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Diwani aliyenunua kiti ataifanya mikopo hiyo kuwa malipo kwa wapambe wake, na kikundi cha akina mama wanaosuka na kupika kitaambiwa kisubiri.

Wapo wanaotetea uchafu huu kwa maneno laini. Husema kwamba Mwafrika ni mkarimu kwa asili na kumpa mgeni chochote si kosa. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, kwani kilimpendelea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo suala hili limekwisha amuliwa kisheria. Kilichobaki ni dhamiri.

Wengine husema: chukua khanga yake, kisha umpigie mwingine, kwani kura ni siri. Huu ni ujanja wa kujidanganya. Anayepokea kwa mkono wa kulia hawezi kudai kwa mkono wa kushoto. Siku mtaro utakapofurika atajibiwa kwamba alikwisha lipwa. Zaidi ya hayo, mgombea mwadilifu asiye na fedha huona mchezo umekwisha kabla haujaanza, akaacha kuchukua fomu. Khanga moja hufukuza viongozi kumi wema.

Taifa hili halikuanza hivyo. Tangu mwaka 1965, katika chaguzi za Bunge za enzi ya chama kimoja, wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, walisimama katika jukwaa moja mbele ya wananchi wale wale. Kampeni iliandaliwa na Chama, na mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kujinunulia umaarufu wala kutafuta kura kwa ukabila au dini. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na mwaka 1992 nchi ikachagua njia ya vyama vingi. Lakini jambo moja lilikuwa sahihi: maskini na tajiri walipimwa kwa mizani moja. Hali kadhalika masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mfanyabiashara anayo haki ya kugombea. Hana haki ya kununua.

Dar es Salaam inayajua matunda ya uongozi mbovu. Mwaka 1996 baraza la jiji lilivunjwa kwa kushindwa kazi, na hadi mwaka 2000 jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa. Wananchi waliochezea kura walijikuta hawana kura. Anayedhani kwamba diwani mbovu ni hasara ya kata moja, na ajifunze hapo.

Chama nacho kisijifiche nyuma ya lawama za jumla. Uovu huu hauanzii siku ya uchaguzi, bali huanzia katika kura za maoni, pale wajumbe wanapokusanywa usiku na kugawiwa bahasha. Kila mwanachama hukiri kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba cheo ni dhamana. Mjumbe anayeyatamka hayo asubuhi na kupokea bahasha jioni ni msaliti, na vikao vya Chama vinavyopitisha jina la mnunuzi kwa sababu ana uwezo wa kifedha vinashiriki usaliti huo. Sare ya kijani si cheti cha uadilifu.

Basi amchague nani mpiga kura? Amtazame mtu huyo alivyokuwa kabla ya kukitamani kiti. Je, alihudhuria mikutano ya mtaa, akaidai taarifa ya mapato na matumizi? Je, anaweza kueleza bajeti ya halmashauri inatoka wapi na kata yake imepata nini? Je, maduka yake yamejengwa juu ya hifadhi ya barabara? Kama alikwisha kuwa diwani, aliuliza nini barazani katika miaka mitano, au alikwenda kusaini posho? Mwalimu anayefuatilia madawati ya shule ya kata, au katibu wa soko ambaye vitabu vyake havijawahi kupungukiwa shilingi, huyo amekwisha fanya kampeni yake bila kutumia senti moja.

Khanga itachakaa kabla ya masika mawili kupita. Diwani atabaki kitini miaka mitano. Mpiga kura mwenye busara atairudisha khanga ile mbele ya mashahidi, kisha aende kituoni akiwa hana deni la mtu yeyote.