Chupa kubwa ya bia inapotea Kivu, na anayelipa ni mama wa nganda

Siku ya mahari, kisha mambo ya ng'ombe na mbuzi, wazee wanafika kwenye kasiye. Hesabu yao haihitaji kalamu. Kasiye moja ni chupa 12, chupa moja ni sentilita 72, na chupa hiyo inajaza glasi tatu za kawaida. Mzee wa upande wa binti akitaja kasiye tatu, wakwe wanajua ni glasi 108, na wanajua pia ni watu wangapi watarudi nyumbani wakisema walipokelewa vizuri.

Hesabu hiyo imeanza kuharibika. Katika butiki na depo nyingi za Goma na Bukavu chupa kubwa inazidi kupungua, na pale inapopatikana bei yake inawashinda watu wengi. Mahali pake pamejaa chupa ndogo za sentilita 33, makopo, na zaidi ya yote vichupa vya plastiki vya pombe kali. Wengine wanacheka wakisema ni mambo ya walevi, wacha walevi wajipange. Lakini jambo hili linagusa hata jikoni mwa mama ambaye hajawahi kuonja bia maishani mwake.

Chupa kubwa ina umri mrefu katika Kongo. Kampuni ya Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus yake ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Ng'ambo ya mpaka, huko Gisenyi, Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957. Kampuni zote mbili zilifika baadaye mikononi mwa Heineken, ndiyo sababu jina la Primus linajulikana pande zote za Ziwa Kivu. Kwa Kivu, bia ya kiwanda cha Bukavu ilikuwa kazi ya watu wengi: wafanyakazi wa ndani, madereva, wenye depo, wasukuma chukudu, na mwishoni kabisa mama mwenye meza tatu na viti kumi vya plastiki.

Halafu ikaja mwaka 2025. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Siku zile kiwanda cha Bukavu kiliporwa, na picha za watu wakibeba kasiye kichwani zilizunguka kwenye simu za kila mtu. Mwezi wa Juni mwaka huo Heineken ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake ya Bukavu na Goma na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Benki zilifungwa, pesa taslimu ikakauka, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Bia haikukosekana. Ilianza kuja kwa njia nyingine, kutoka Rwanda, kutoka Uganda, na kila mahali ambapo mchuuzi ana gari na ana mtu wa kumpokea.

Hapo ndipo chupa kubwa ilipopata shida, na sababu yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Chupa ya kioo ya kurudishwa inavuka mpaka mara mbili: inakuja imejaa, inarudi tupu. Ni nzito kwenda na nzito kurudi, na njiani inavunjika. Kopo ao chupa ya plastiki inavuka mara moja tu, kisha inatupwa kwenye mtaro wa Birere ao kwenye maji ya ziwa. Mchuuzi anayehesabu mafuta ya gari na malipo ya kila bariera atachagua nini? Hahitaji kuchukia chupa kubwa ili aiache. Inatosha apige hesabu.

Si Kivu peke yake. Marekani pia, viwanda vidogo vya bia za ufundi vilikuwa vinauza chupa kubwa ya sentilita 65, ambayo wanywaji wa kule waliipa jina la bomber. Katika miaka ya 2010 ilianza kukaa kwenye rafu hadi ikashikwa na vumbi. Wanunuzi walitaka makopo ya sentilita 47 yanayofungwa manne manne, kwa sababu mtu mmoja nyumbani hawezi kumaliza chupa nzima ya bia yenye nguvu ya asilimia 8 ao 10, na kwa sababu hakutaka kulipa pesa nyingi kwa bia ambayo hajaijua bado. Basi kule ni mnywaji aliyeondoa chupa kubwa kwa mapenzi yake. Huku Kivu hakuna aliyemuuliza mnywaji. Na jambo la pili: kule chupa tupu ilikuwa takataka tangu mwanzo. Huku chupa tupu ni mali.

Mtu asiyeuza bia hawezi kuelewa uzito wa neno vidanje. Ili mama apate kasiye iliyojaa kwenye depo, lazima alete kasiye yenye chupa tupu 12. Asipokuwa nazo, analipa kwanza bei ya kioo na ya kasiye yenyewe, kisha ndiyo bei ya bia. Ndiyo sababu mama wa nganda hulinda chupa tupu kuliko anavyolinda viti. Mteja akitaka kuondoka na chupa, anaacha dhamana ao anaacha simu. Chupa ikivunjika kwenye ugomvi, aliyeivunja anailipa hata akiwa shemeji. Mama mwenye kasiye ishirini za vidanje nyuma ya nyumba hana akaunti ya benki, lakini ana mtaji. Mtoto akiugua usiku, kasiye mbili zinaenda kwa jirani na pesa ya dawa inapatikana.

Sasa fikirieni mama wa Sake, wa Kibumba ao wa Kitshanga aliyekimbia. Mtu anayekimbia risasi anabeba mtoto, godoro, sufuria. Habebi kasiye ishirini za kioo. Wengi waliacha mtaji wao wote umepangwa ukutani, na waliporudi wakakuta ukuta bila kasiye, ao hawakukuta hata ukuta. Wengine walianza upya ndani ya kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, kasiye moja, kisha mbili, wakiuza pembeni ya mahema. Kambi zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, watu walipewa muda mfupi wa kuondoka, na kioo kikabaki tena. Mtu aliyepoteza vidanje mara mbili katika miaka mitatu hawezi kurudi kwenye chupa kubwa hata kama depo inayo. Anachoweza kununua bila dhamana ni kile kisichorudishwa: kopo, na kichupa cha plastiki.

Kichupa hicho kinahitaji kusemwa wazi. Kile cha sentilita 20 chenye pombe ya asilimia 40 kinabeba sentilita 8 za pombe tupu. Chupa kubwa ya bia ya asilimia 5 inabeba sentilita 3 na nusu hivi. Ni kusema kijana anayeweka kichupa kimoja mfukoni amebeba zaidi ya chupa mbili kubwa za bia, na anaweza kuzimaliza kwa dakika tano akiwa amesimama kwenye parkingi ya moto, kabla ya kumpakia mama mwenye mtoto mgongoni. Chupa kubwa haiingii mfukoni. Inakaa mezani, watu wanaiona, mke anaihesabu, mzee wa mtaa akipita anaijua ni ya ngapi. Haya hayaifanyi bia kuwa maziwa. Nyumba nyingi zimevunjika kwa ajili ya bia ya kawaida kabisa, na pesa ya shule imekwenda kwenye nganda tangu zamani. Wachungaji na wamama wanaosema hivyo wana haki. Ila yule anayefurahi kwamba chupa kubwa imepungua aangalie kwanza kilichokalia kiti chake.

Na kanyanga ipo pia, hiyo isiyo na kiwanda wala etiketi, inayopimwa kwa kikombe. Hiyo ina safari yake.

Turudi jikoni, kwa sababu hapo ndipo hasara inafika kwa yule asiyekunywa. Kwenye soko la Virunga, Kadutu na kila kisoko cha njiani, mafuta ya mawese yanauzwa kwa chupa. Chupa gani? Kwa miaka mingi haikuwa swali. Ni ile kubwa, ya sentilita 72, inayojulikana kwa macho na kwa mkono. Asali ilipimwa kwayo, kasiksi pia, na muuza mafuta ya taa aliitumia bila mtu kuomba mizani. Ilikuwa kipimo cha serkali bila serkali kukiandika.

Chupa hiyo inapokuwa nadra, muuzaji anachukua iliyopo. Leo ni ya sentilita 65, kesho ni ya 50, na mdomo unasema tu “chupa”. Mama akilipa bei ile ile kwa chupa ya 65, amepoteza sentilita 7. Anaona ni kidogo. Akinunua mara kumi, amepoteza sentilita 70, karibu chupa nzima ya mafuta ya watoto wake. Akipewa ya 50 kwa bei ya zamani, karibu theluthi moja imebaki kwa muuzaji. Familia inayonunua mafuta kidogo kidogo kila siku, kama zinavyofanya familia nyingi zilizokimbia na zinazoishi kwa jamaa ao kwenye nyumba ya kupanga, ndiyo inayoibiwa mara nyingi zaidi. Anayenunua bidoni nzima hana shida hiyo.

Muuzaji wa mafuta naye si mwizi kila wakati. Mara nyingi hana chupa nyingine, na bei ya bidoni imempandia. Lakini aseme. Viongozi wa soko, ambao hawakosi kupita asubuhi kukusanya taksi ya kibanda, wangeweza pia kupita na chupa moja ya 72 mkononi na kuamuru kwamba bei inayotajwa ni ya hiyo, na atakayepima kwa ndogo apunguze bei. Kazi hiyo haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji chupa moja.

Kwa upande wa depo, kuna jambo linalowezekana tangu wiki hii. Wenye depo wanajua wateja wao wa zamani kwa majina. Wanajua nani alikuwa analipa na nani alikuwa anakimbia deni. Mama aliyekuwa mteja mwaminifu miaka kumi na aliyepoteza vidanje kwa vita angeweza kupewa kasiye mbili ao tatu kwa kuazimwa, kikundi chake cha AVEC kikiweka sahihi kama shahidi, na bei ya kioo ikilipwa kidogo kidogo juu ya kila kasiye anayouza. Wamama hao tayari wanakopeshana ndani ya AVEC na daftari zao zinaonyesha nani analipa. Mwenye depo hapotezi kitu kikubwa. Kinyume chake, anapata tena mtu wa kumuuzia, kwa sababu depo iliyojaa bia bila vidanje vya kuipokea ni ghala tu.

Wale wanaosimamia bariera nao wasikwepe. Kila safari ya chupa tupu kurudi kiwandani ikilipishwa kama safari ya bidhaa, gharama hiyo haimpati mchuuzi. Inashuka hadi kwa mama wa nganda, na mchuuzi anahamia kwenye plastiki. Kisha watu wale wale wanaitisha salongo ya kufagia plastiki kwenye mitaro mvua inaponyesha.

Kuna watakaosema kwamba wakati familia zinalala kwenye makanisa na madarasa, kuongea juu ya chupa ya bia ni aibu. Swali hilo ni la haki. Lakini waulizwe wamama wenyewe waliorudi Sake ao Kibumba wanataka kuanza na nini. Wengine watasema shamba, wengine makala, wengine mandazi. Na wengine, bila haya, watasema nganda yao, kwa sababu ndiyo kazi wanayoijua na ndiyo iliyosomesha watoto wao. Hao hawaombi unga wa msaada. Wanataka mtu wa depo afungue daftari ukurasa mpya, aandike jina, aandike kasiye mbili, na tarehe ya kurudisha.

Na kama kuna nyumba ambayo bado ina chupa za 72 nyuma ya mlango, zimejaa vumbi tangu kilio cha mzee ao harusi ya dada, zisiuzwe kama vioo vya kuvunjwa vya kupanda juu ya ukuta. Zioshwe. Jirani anayetafuta vidanje hayuko mbali.