Picha Ikumbukayo Mahali

Juma hili twajibu barua moja tu, kwa kuwa neno lililo ndani yake lawahusu wengi.

Ndugu yetu mmoja wa Kilimanjaro, afanyaye kazi Dar es Salaam, atueleza kwamba babu yake alizikwa zamani katika kihamba cha jamaa, pasipo msalaba wa saruji. Paliwekwa mawe matatu tu, na sale likapandwa upande wa kichwa. Sasa masale yamezaana, mawe yamefunikwa na majani ya migomba, na mtu ajuaye hasa kaburi lilipo amebaki mmoja, yaani shangazi yake, naye ni mzee sana. Kijana wake wa sekondari amemwambia ati simu yaweza kuandika mahali ndani ya picha, hata baada ya miaka mingi mtu akarudi papo hapo. Ndugu huyu auliza kama ni kweli au ni majivuno ya vijana. Tena auliza kama kamera yake, ambayo si simu, yaweza kufanya vile vile. Angependa kulimaliza shauri hili kabla ya siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba.

Kijana amesema kweli. Wala kazi yenyewe haina gharama, kama simu tayari ipo nyumbani. Lakini ina mambo yake, na asiyeyajua aweza kurudi mjini na picha nzuri ya mgomba, kaburi asilione tena.

Kwanza yafaa kujua simu yajuaje mahali ilipo. Juu yetu, yapata kilometa 20,000, zazunguka setilaiti za Wamarekani, na ufundi huo huitwa GPS. Kila setilaiti hupiga mbiu bila kukoma, kana kwamba yasema: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa ni hii. Simu husikiliza tu. Ikizisikia nne au zaidi, hupima jinsi kila mbiu ilivyochukua muda njiani, na kwa hesabu hiyo hujua imesimama wapi duniani. Setilaiti ya kwanza ya namna hii ilirushwa mwaka 1978, nayo ilikuwa kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Kisovieti, ikatunguliwa, wakafa watu wote 269 waliokuwamo. Ndipo Rais Reagan wa Marekani akaahidi kwamba ufundi huu utakapokamilika raia wa mataifa yote watautumia pia. Hata hivyo Wamarekani waliendelea kuiharibu kidogo, makusudi, ile mbiu ya raia, mtu akakosea hata meta 100, mpaka walipoacha desturi hiyo mwezi Mei 2000. Siku hizi Warusi, Wachina na mataifa ya Ulaya nao wana setilaiti zao, na simu nyingi huzisikiliza zote pamoja.

Wengi hudhani kwamba bila bando simu haijui ilipo. Sivyo. Kusikiliza setilaiti hakulipiwi hata senti moja, wala hakuhitaji mnara wa simu. Ila mtandao ukiwapo, simu hupashwa upesi habari za mahali setilaiti zilipo, nayo hupata jibu kwa sekunde chache. Usipokuwapo, yabidi izisome habari hizo kutoka kwa setilaiti zenyewe, ambazo husema polepole sana, na hapo huenda ukangoja dakika kadhaa.

Basi ndugu yetu afanye hivi. Afungue Mipangilio ya simu, awashe Mahali, kisha aingie katika kamera ya simu na kuangalia kama imeruhusiwa kuandika mahali katika picha, maana simu nyingine hazifanyi hivyo mpaka ziambiwe. Akifika kihambani asipige picha mara ashukapo garini. Simu ambayo haijaamka sawasawa huweza kuandika mahali ilipokuwa mwisho, pengine stendi ya Moshi. Afungue ramani kwanza, asimame mahali peupe ambapo mbingu yaonekana, angoje mpaka kile kidoti cha buluu kitulie. Ndipo ajongee kaburini na kupiga. Chini ya migomba na miti mikubwa mbiu hudhoofika, kwa hiyo apige picha nyingi wala si moja. Nyingine azipige kutoka mahali pa wazi palipo karibu, kaburi likionekana pamoja na kitu kisichohama, kama vile mwamba au pembe ya nyumba ya matofali.

Maana hata chini ya mbingu nyeupe simu hukosea kama meta 5, na chini ya miti hukosea zaidi. Meta 5 si kitu kwa mtu atafutaye kihamba, lakini kwa mtu mwenye jembe atafutaye mawe matatu ni nyingi.

Tena simu haijui hapo amelala nani. Hilo alijua shangazi. Apelekwe mwenyewe, asielekeze kwa kidole kutoka barazani, asimame kando ya mawe na kupigwa picha pale pale. Simu hiyo hiyo inase sauti yake akitaja jina la marehemu, la ubatizo na la ukoo, mwaka aliokufa kama aukumbuka, na watu wengine waliozikwa karibu. Mara nyingi mzee akifikishwa mahali penyewe hukumbuka hata mtoto mchanga aliyelazwa upande wa chini, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja sebuleni. Kwa hiyo twamshauri ndugu yetu asingoje Krismasi ati kwa sababu ndugu wote watakuwa nyumbani. Shangazi wa umri ule hawekewi miadi ya miezi.

Sasa, mahali hapo pameandikwa wapi? Si juu ya uso wa picha, bali ndani ya faili yake, pamoja na tarehe na saa, kwa kanuni iitwayo Exif iliyotolewa Japani mwaka 1995. Ukiichapa picha kwa karatasi, maandishi hayo hayaonekani tena, na simu ikitumbukia majini huenda yakapotea yote. Ndiyo maana yafaa hesabu zenyewe zinakiliwe katika daftari la jamaa, liwekwalo pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Fungua maelezo ya picha, utaona hesabu mbili. Ya kwanza yaonyesha umbali kutoka Ikweta, ya pili umbali kutoka mstari wa Greenwich. Simu nyingine huonyesha ramani tu. Hapo fungua ramani kubwa, shikilia kidole juu ya mahali penyewe, nazo hesabu zitatokea.

Nakili kwa uangalifu. Katika Tanzania yote hesabu ya kwanza huwa na kistari cha kutoa mbele yake, kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta. Kistari hicho si pambo. Dar es Salaam ni -6.8 na 39.28, mwandishi akikisahau, ramani itampeleka Ethiopia. Wala asikate tarakimu kwa uvivu. Tarakimu tano baada ya nukta hufikia kadiri ya meta 1, lakini zikikatwa zikabaki tatu, mtu aweza kupotea hata meta 100.

Juu ya kamera, zipo njia mbili. Makampuni kama Canon, Nikon na Sony yana programu za kuunganisha simu na kamera zao za siku hizi kwa Bluetooth, na hapo simu hunong'oneza mahali, kamera ikaandika. Kama kamera ni ya zamani, simu huwekewa programu ya kunakili njia uliyopita, hatua kwa hatua pamoja na saa yake, na njia hiyo huhifadhiwa katika faili ya namna iitwayo GPX. Ukirudi nyumbani kompyuta hulinganisha saa ya kila picha na saa za njia, ikaandika mahali katika picha. Programu ziitwazo digiKam na ExifTool hufanya kazi hiyo bila malipo.

Hapo shauri lote ni la saa. Kamera ikiwa nyuma kwa dakika 10, na wewe watembea kilometa 5 kwa saa, picha yako itawekwa mahali palipo mbali na pake kwa meta 800 na zaidi. Ukiwa ndani ya basi, hata usiulize. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuanza safari, piga kwa kamera picha ya uso wa simu ionyeshayo saa na sekunde, nawe utaona baadaye zimeachana kiasi gani. Kumbuka pia kwamba faili ya njia hufuata saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, na kompyuta yapaswa kuambiwa hivyo. Wala usiiweke saa ya kamera kwa hesabu ya Kiswahili, saa mbili ya asubuhi ukaandika 2:00, maana utakuwa umejipunguzia saa 6 nzima.

Kwa kaburi moja, hata hivyo, twaona si lazima kusumbuka namna hiyo. Piga kwa kamera upate picha nzuri ya kuweka ukutani, kisha piga kwa simu upate mahali.

Jambo jingine ni picha za zamani. Mtu akiiweka mezani picha ya arusi ya bibi yake iliyopigwa Bagamoyo, akaipiga kwa simu akiwa nyumbani kwake Kinondoni, simu itaandika Kinondoni, kwa kuwa ndipo ilipokuwapo. Hapo yapasa kusahihisha kwa mkono. Simu za iPhone tangu mwaka 2021 huruhusu mtu kuiongeza au kuibadili habari ya mahali kwa kutafuta jina la mji katika ramani.

Na kwa sababu mahali paweza kubadilishwa kwa mkono, wasomaji wenye kesi za mipaka wasikimbilie Baraza la Ardhi na simu mkononi wakidhani wamemaliza. Jirani hagombani nawe kwa meta 50. Agombea hatua mbili au tatu, na hizo ni ndogo kuliko kosa la simu yenyewe. Picha ya sale la mpakani yafaa kuwakumbusha watoto mahali lilipo, na kuonyesha lilivyokuwa kabla halijang'olewa, lakini mpaka hupimwa na mpima ardhi kwa vyombo vyake, mbele ya majirani.

Limebaki neno kwa wazazi. Simu iliyoruhusiwa kuandika mahali pa kaburi huandika vile vile mahali pa kitanda cha mtoto, mlango wa nyumba, na njia aipitayo kwenda shule. Anayeipata faili hiyo ikiwa nzima aweza kuja mpaka mlangoni bila kumwuliza mtu njia. Mwezi Desemba 2012 Mmarekani John McAfee, aliyejulikana duniani kwa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni, kwa kuwa polisi wa Belize walitaka kumhoji juu ya kifo cha jirani yake. Gazeti la Vice, ambalo watu wake walisafiri naye, lilitoa picha yake iliyopigwa kwa simu, nalo halikufuta maandishi ya ndani. Waliojua kuyasoma waliona mara moja kwamba yuko Guatemala, na siku chache baadaye akakamatwa huko. Naye alikuwa mtu wa kompyuta!

Kwa hiyo, kazi ya makaburi ikiisha, rudi katika kamera ya simu uizime ruhusa ile. Na katika kutuma picha, jua tofauti hii. WhatsApp hulifuta lile neno la mahali picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati, faili hufika nzima na maandishi yake yote. Barua pepe nayo haifuti kitu. Picha ya kaburi ambayo ndugu walio mbali wapaswa kuihifadhi, itumwe kama hati. Picha ya watoto katika kundi la Jumuiya itumwe kwa njia ya kawaida, tena itazamwe kwanza kama haionyeshi nembo ya shule kifuani au kibao cha mtaa nyuma yao, maana hivyo WhatsApp haivifuti.