Mkeka, Kikapu na Bahari Iliyopwa

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, mjukuu wangu wa miaka tisa alinijia barazani na simu ya mamake mkononi. Binamu zake walioko Dubai walikuwa wamempelekea picha: vigari vinavyopanda reli hata kufika karibu na dari, kisha vikateremka kwa kishindo na watoto ndani wanapiga mayowe. "Babu," akaniuliza, "na sisi tutakwenda lini?"

Nilimeza mate. Mtoto hakukosa adabu, wala swali lake halikuwa baya. Lililonikera lilikuja baada ya Isha, babake aliporudi kazini akanitolea karatasi ya hesabu. Dubai alijua haifikiki, lakini alitaka kuwapeleka watoto japo kwenye bustani ya michezo ya maji papa hapa petu. Watoto wanne, mkewe na yeye mwenyewe. Kila kichwa kina kiingilio chake. Chakula cha nyumbani hakipiti mlangoni, sharti ununue cha ndani. Tena tuktuk mbili za kwenda na mbili za kurudi. Alipojumlisha, siku moja ya mchezo ilikuwa imekaribia kodi ya nyumba ya mwezi mzima. "Nitakopa, baba," akasema, naye hakuwa akitania.

Ndugu wasomaji, mimi si mtu wa kuharamisha furaha ya watoto. Hata chuoni kwetu maalimu, pamoja na ukali wake wote, Alhamisi jioni alikuwa akitufungulia tukacheze. Lakini kukopa kwa ajili ya kuteleza ndani ya bomba la plastiki! Hayo ndiyo niliyoona hayana budi kusemwa hadharani, maana najua si mwanangu peke yake.

Biashara hii tuielewe. Walt Disney alipofungua bustani yake kule California mwaka 1955, alizungushia furaha ua, akaweka mlango mmoja na mtu wa kukata tikiti. Wengine wakaiga, na si dhambi, kila mtu na riziki yake. Jamaa zetu wa Ghuba nao wana udhuru wao, kwani jua la kule mwezi wa Julai halimruhusu mtoto kucheza nje. Ile Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, sehemu yake kubwa imewekwa chini ya paa. Mwenye jangwa hujenga mawimbi ya mashine. Sisi tulio na bahari mlangoni tunakopa pesa kwenda kutazama mawimbi ya mashine?

Tena si kwamba Waswahili hatukuwa na desturi ya kutembea. Vunja jungu ilikuwa nini? Mwisho wa Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu walibeba sufuria zao wakavuka maji, wakapika pilau chini ya miembe ya shamba la mtu, na jioni wakarudi na vumbi miguuni. Siku za Idd tulikwenda Makadara na vishilingi tulivyopewa na wajomba, tukapanda pembea za mbao zilizosukumwa kwa mikono. Nakumbuka pembea moja ilikwama nami niko juu kabisa. Nikasoma sura zote nilizohifadhi, na ambazo sijahifadhi pia.

Basi nilimwambia mwanangu aichane ile karatasi, Jumamosi tutakwenda Jumba la Mtwana.

Kwanza nilitazama kalenda. Mtu aliyesoma chuoni ana faida moja hapa, kwamba tarehe za mwezi wa Kiislamu zinamwambia hali ya bahari bila kumwuliza mvuvi. Mwezi uandamapo na upevukapo huwa ni bamvua, na katika siku hizo, pwani yetu ya Mombasa, maji hupwa sana mwendo wa saa nne na saa tano asubuhi. Jumamosi ile iliangukia tarehe 16. Tukapanda matatu hadi Mtwapa, kutoka hapo tuktuk, na mlangoni tukalipa kile kiingilio cha mwananchi, ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni.

Jumba ni mji uliohamwa. Watu waliishi pale karne ya 14, na karne iliyofuata wakaondoka, wakaacha nyumba za mawe, visima na misikiti chini ya mibuyu. Hata jina lake la asili limepotea, hili tunalolitumia ni la kubandikwa baadaye. Msikiti mmoja uko ukingoni mwa bahari, na birika lake la udhu lipo bado. Kaburini karibu yake imechongwa aya ya kukumbusha mauti. Mjukuu wangu, ambaye yumo katika juzuu ya tatu, aliinama akaanza kusoma herufi moja moja kwa kidole. Alipotambua kwamba maneno yale anayajua, aligeuka akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Akauliza: "Hawa walikuwa Waislamu kama sisi? Walikwenda wapi?" Tulikaa juu ya jiwe karibu nusu saa tukizungumza maji yaliyokauka visimani, vita na biashara iliyohama. Nani angeniuliza hayo ndani ya vigari vya reli?

Kisha tukateremka pwani. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, imeacha vidimbwi katikati ya miamba. Watoto walivaa champali, kwa sababu ya miiba, wakaona kaa, viti vya pweza na majongoo ya pwani, na sharti langu lilikuwa moja: tazama, usichukue. Maji yalipoanza kujaa tukawaita wote juu. Hilo sitanii nalo, bahari haina mlinzi mwenye filimbi.

Hapa mke wangu, aliyekuja nasi, ananitaka niandike neno lake. "Mwasifu mkeka na kikapu," anasema, "kikapu kilijazwa na nani?" Ni kweli. Yeye na mkwe wetu waliamka kabla ya Alfajiri kukaanga viazi vya karai na kupika mahamri, ilhali sisi wanaume tulibeba tu. Safari ya bei nafuu ambayo unafuu wake umetoka mgongoni mwa mama si nafuu. Safari ya pili mwanangu na mimi tutanunua mbaazi na mahamri njiani, na madafu pale pale, na kina mama wakae wapunge upepo. Mkwe wetu mwenyewe alisema lililompendeza zaidi ni kwamba aliingia majini na nguo zake za heshima na hakuna aliyemsogelea. Mahali pamoja pa kulipa, nisipopataja, aliwahi kuambiwa avue au atoke.

Lakini liko jambo linalonitia hofu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Mchanga basi ni wetu. Njia ya kuufikia ndiyo inayokwenda. Mara ngapi umefuata kichochoro ulichokipita utotoni ukakuta ukuta, geti, na askari anayekuuliza unamtafuta nani? Ninamtafuta samaki, ninaitafuta bahari! Waheshimiwa wanaopanga ardhi ya pwani wajue kwamba kila kichochoro kinachozibwa humsukuma baba mwingine kwenye mlango wa tikiti, na wengine kwenye mkopo. Bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa upya mwaka 2019, na hata leo mtu huingia bure akatafuna kachiri akitazama meli. Mbona ufuoni isiwezekane?

Jumamosi ijayo maji yatakuwa mafu, kwa hiyo tutakwenda Ngomeni. Nimeshawaeleza watoto kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba Waingereza waliigeuza jela. Mjukuu wangu hakuuliza Dubai tena tangu tuliporudi, anachouliza ni kama ile mizinga bado inalia.