Toboa Chungu Kabla Hujamwagilia

Wasee, leo naanza kwa kukiri. Mwaka jana niliweka video nikiwaonyesha monstera yangu ya rangi mbili, ile ya majani ya kijani yenye mabaka meupe. Ilikuwa ndani ya chungu kizuri cha simiti ambacho muuzaji alinipa bure nikitangaze. Nikawaambia, kwa ile sauti ya mtu anayejua, mwagilieni kila asubuhi mkinywa chai. Video ikatembea. Chungu chenyewe hakikuwa na tundu hata moja chini. Wiki sita baadaye monstera ilikuwa imelala kama mgonjwa wa malaria. Niliitupa usiku nyuma ya ploti ndio majirani wasione, na video nikaiacha hapo iendelee kudanganya watu.

Halafu dem mmoja wa hapa Githurai akanitumia picha. Amekusanya elfu tatu kwa kuuza smoki na mayai, akanunua kimche kimoja cha majani matatu. Majani yamekuwa manjano, shina limelainika. Akaandika, "Nimefanya kila kitu ulichosema, mbona inakufa?" Ukweli ni kwamba ilikuwa inakufa kwa sababu alifanya kila kitu nilichosema. Ile video nimeitoa, na leo nasema kile nilipaswa kusema.

Tuache hii stori ya "mimi nina mkono mbaya." Hakuna mkono mbaya. Maua mengi ya ndani yanakufa kwa kuoza mizizi, na mizizi inaoza kwa sababu ya watu watatu: anayeuza chungu bila tundu, anayefundisha ratiba ya maji mtandaoni, na wewe unayemwagilia bila kugusa udongo.

Mzizi unapumua. Unahitaji oksijeni kutoka kwa nafasi ndogo ndogo zilizo katikati ya chembe za udongo. Maji yakijaa hapo na yakose pa kutokea, hewa inaisha na mzizi unaanza kufa. Hapo ndipo wadudu wasioonekana kwa macho, kama Pythium na Phytophthora, wanaingia kumalizia kazi. Sasa mzizi uliooza hauwezi kuvuta maji, kwa hivyo majani yananyauka kana kwamba yana kiu. Wewe unayaonea huruma, unaongeza kikombe kingine. Unazamisha mtu anayezama.

Wakulima wanajua hii kitu kitambo. Ukifika Thika utaona mananasi yamepandwa juu ya matuta. Phytophthora huozesha mizizi na moyo wa nanasi, na tuta husaidia maji yaondoke. Kama mtu mwenye shamba zima anainua udongo ili maji yatoke, wewe mwenye chungu kimoja unafungia maji ndani ukitarajia nini?

Haya maua ya rangi mbili yako kwa hatari zaidi. Ile sehemu nyeupe mnayolipia pesa nyingi haina klorofili, kwa hivyo haitengenezi chakula. Mmea unakua polepole na mara nyingi unakunywa maji kidogo kuliko ndugu yake wa kijani kabisa. Ukimpa kipimo kilekile, udongo unakaa na maji siku nyingi. Na kwao, monstera hutoka misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hupanda miti na kushika magome kwa mizizi ya hewani. Haikuumbwa ikae kwa matope.

Sasa ilete Kiuu. Flati zimebanana, ukifungua dirisha unasalimia ukuta wa jirani. Mwanga kidogo maana yake mmea unatumia maji kidogo. Kwetu ploti maji huja kwa mgao, kwa hivyo siku yakija tunajaza mitungi, tunafua, halafu tunamwagilia kila kitu kilicho na jani, kiwe na kiu kisiwe. Ikifika Julai na ile baridi yetu ya mawingu, chungu kinaweza kukaa wiki mbili bado kibichi. Halafu ndani tumejaza udongo mwekundu tupu wa Kiambu, mzuri sana shambani, lakini ukiufungia kwa chungu kidogo na kuumwagilia kila siku unashikana kama tofali.

Muuzaji wa vyungu, na wewe nisikize. Mliniambia mteja hapendi tundu kwa sababu maji yatachafua sakafu. Lakini tundu kwa chungu cha simiti ni kijiti kimoja tu mnachosimamisha wakati mnamwaga simiti. Mteja anayeogopa sakafu muuzie na kisahani. Au aache mmea kwa kile kikopo cha plastiki chenye matundu alichonunua nacho, kisha akitumbukize ndani ya chungu cha urembo na kumwaga maji yanayobaki. Ukimuuzia mtu kitu kinachoua mmea wake, hatarudi kununua mwingine. Atasema ana mkono mbaya, na wewe utabaki ukilia biashara imekufa.

Na tafadhali, msiniambie eti kuweka kokoto chini ya chungu kunasaidia. Bila tundu maji hayajaenda popote. Mmeinua tu ile sehemu yenye maji ikakaribia mizizi.

Mathe wangu hajawahi kununua chungu maishani. Anapanda kwa mkebe wa Kimbo, anapindua, anagonga msumari mara tano kwa jiwe, basi. Money plant yake imezunguka dirisha lote la jikoni na ina madoa ya manjano safi. Mimi nilikuwa naona aibu kuupiga mkebe picha. Huo mkebe una akili kuliko chungu changu cha simiti.

Kama yako imeshaanza kunuka uvundo, fanya hivi leo, usingoje wikendi. Itoe yote kwenye chungu na uoshe mizizi. Mizizi mizima ni migumu na mara nyingi myeupe. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, na ukiivuta ngozi inatoka mkononi. Pangusa wembe kwa spiriti, kisha kata yote iliyooza mpaka ufike palipo pazima. Udongo wa zamani utupe. Chungu kioshe kwa Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, halafu kisuuze vizuri.

Panda upya kwa kikopo kidogo kinacholingana na mizizi iliyobaki. Changanya sehemu moja ya udongo wenye mboji, moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na moja ya vile vipande vya makaa vinavyobaki chini ya gunia. Ukipata pamisi, yale mawe mepesi ya volkano, tumia badala ya makaa. Weka karibu na dirisha lenye mwanga lakini si jua kali. Mbolea usiweke mpaka uone jani jipya. Na mdalasini mnaonyunyizia haurudishi mzizi uliooza, upikieni chai.

Kama mizizi yote imeenda, bado usilie. Kata shina juu ya palipooza, uhakikishe kipande kina kifundo, kile kiungo ambapo jani hutokea, na kwamba shina hapo lina mistari ya kijani na nyeupe pamoja. Kipande cheupe tupu hakitajilisha. Kiweke kwa glasi ya maji, kifundo ndani, jani nje, na ubadilishe maji kila baada ya siku chache. Yule dem alifanya hivyo. Kati ya majani matatu ameokoa moja, na sasa lina mzizi mrefu kama kidole. Hiyo elfu tatu yote haijarudi, na ni mimi nilimpotezea.

Kuanzia leo ratiba ya maji ni kidole. Kiingize mpaka kifundo cha pili. Ukihisi ubichi, weka jagi chini uende zako. Ukihisi pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha umwage kilichobaki kwenye kisahani.

Najua mtu atakuja kwa komenti aseme, wewe uliacha chuo, unatufundisha bayolojia? Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na hii haihitaji digrii, inahitaji msumari. Wenzangu wa kontenti, mkipewa chungu cha bure, kipindueni kwanza mbele ya kamera. Kama hakina tundu, kirudisheni. Mimi nimesharudisha viwili.